Bei ya ploti Nakuru inapanda, kodi ya nyumba imesimama: tunanunua nini hasa?

MkaziWaLanet

Wadau, hamjambo. Kuanzia Mbaruk hadi Ngata, na kutoka Bahati hadi njia ya Kabarak, kila ukigeuka kuna bango la ploti zinazouzwa. Ploti niliyoulizia hapa Lanet mwaka juzi nikaambiwa milioni moja na laki tatu, sasa ni milioni mbili na laki mbili, na bado haina stima wala maji ya mfereji. Sababu ninayopewa ni moja tu: barabara. Tangu kazi ya kupanua barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit, ile inayotoka upande wa Nairobi kupitia hapa, izinduliwe mwishoni mwa Novemba 2025, hata mwenye shamba la mahindi lililo kilomita kadhaa ndani anakutajia bei ya barabara.

Nina vyumba vya kupangisha Pipeline, na mara kwa mara ndugu au jirani hunijia na fomu ya mkopo wa sacco mkononi akiniuliza kama anunue. Wengi ni watu wa mshahara, na pesa wanazotaka kuweka hapo ndizo akiba yao yote. Kwa hivyo naomba tuongee kwa hesabu.

Kwamba Nakuru inakua, hilo halina ubishi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 1,603,325 katika kaunti hii. Ile ya 2019 ikahesabu 2,162,202, kaya 616,046. Tukawa wa tatu nchini, nyuma ya Nairobi na Kiambu. Hao ni zaidi ya watu nusu milioni walioongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanalala mahali. Desemba 1, 2021 mji ukapewa hadhi ya jiji, wa nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Kiuchumi kaunti hii hutoa karibu asilimia 5 ya pato la taifa. Anayesema Nakuru ni mji uliolala hajafika steji saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa hesabu. Chukua hiyo ploti ya milioni 2.2. Jenga bedsita 12 kwa milioni 6, ukibana sana, pamoja na septiki na tangi la maji. Jumla milioni 8.2. Bedsita ya kawaida Pipeline inaenda kwa 6,000. Vyumba vyote havijai mwaka mzima, kwa hivyo hesabu 11 vilivyo na watu: 66,000 kwa mwezi, 792,000 kwa mwaka. Ushuru wa mapato ya kodi ni asilimia 7.5 ya pesa yote inayoingia, huruhusiwi kutoa gharama kwanza, hiyo ni 59,400. Mtunza ploti umlipe 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka. Rangi, vitasa, taa za ngazi, lori la kunyonya choo, maji ya dharura mfereji ukikauka, weka 110,000. Unabaki na 526,600. Hiyo ni kama asilimia 6.4 ya pesa uliyoweka, na sijahesabu mpangaji anayehama usiku na deni la miezi miwili.

Na hiyo ploti ikifika milioni 3, mpangaji wangu hataniongezea hata mia. Analipa kulingana na anachopata kazini. Kwangu mimi hapo ndipo penye shida ya Nakuru leo: bei ya ardhi inaifuata barabara, kodi inaufuata mshahara wa mpangaji, na viwili hivi vimeachana. Nataka kusikia walio na hesabu tofauti.

DalaliMwaminifu

Mzee wa Lanet, nakuheshimu, ila umehesabu kodi ukasahau ardhi yenyewe. Nimeuza ploti Kiamunyi tangu watu wakilima maharage pale. Waliokuwa wanacheka wenzao kwamba wamenunua porini, leo wanapitia hapo wakielekea mjini na kuona maghorofa ya wenzao. Mtu alinunua robo eka, akauza nusu, akajengea ile nusu iliyobaki. Hiyo asilimia 6.4 yako haina nafasi ya kuonyesha jambo kama hilo.

Tena Nairobi ni kilomita 160 hivi. Leo unaondoka Nakuru alfajiri na hujui utafika saa ngapi, ukipata lori limelala Kinungi umekwisha. Barabara pana ikikamilika, mtu mwenye kazi ya siku mbili ofisini na siku tatu nyumbani ataishi Naka au Section 58 kwa kodi ya chini kuliko anayolipa Nairobi. Watu hao wameshaanza kuniuliza.

MpangajiRhonda

Naomba nijibu kama mpangaji, kwa sababu nyuzi za namna hii huwa zimejaa wenye nyumba.

Nafanya kazi Industrial Area. Nikishakatwa yote ninayokatwa, pamoja na ile asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu ambayo sheria ya Machi 2024 iliirudisha, nabaki na kiasi cha kuishi kwa uangalifu. Chumba changu ni 4,000, choo cha nje cha kushiriki, maji yanakuja siku mbili kwa wiki. Siku nyingine tunanunua mtungi. Ukijumlisha maji, stima ya tokeni na nauli, nyumba yangu si ya 4,000 tena.

Mwenye nyumba alijaribu kupandisha hadi 5,000. Alitangaza mwanzoni mwa mwezi. Kufikia mwisho wa mwezi ule vyumba vitano kati ya kumi na sita vilikuwa wazi, watu wamebeba vitanda kwa mkokoteni hadi ploti ya tatu kutoka hapo. Akarudisha 4,000. Hakutuonea huruma, aliona milango imefungwa kwa kufuli na hakuna kinachoingia.

Mnasema mji unakua. Unakua, lakini mshahara wa kiwandani haukui nao. Kiwanda cha betri cha Eveready kilifungwa 2014, na waliokuwa na kazi ya kudumu pale wengi walimalizia kwenye vibarua. Pareto, zao lililokuwa likilisha Molo na mji huu, nalo liliporomoka. Kazi zilizokuja baadaye ni za bodaboda, duka, saluni, mjengo. Mtu wa mjengo analipwa kwa siku, na anataka chumba ambacho hata siku za mvua kubwa atakimudu.

Na sheria haitusaidii sana. Ile ya kudhibiti kodi inalinda nyumba ambayo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi. Tafuteni nyumba ya 2,500 Nakuru mnionyeshe.

DalaliMwaminifu

Dada, sijabisha kuhusu Rhonda. Mimi naongea kuhusu mnunuzi wa Kiamunyi na Naka.

MpangajiRhonda

Mimi ni kaka. Na hao wa Kiamunyi ni wangapi, ukilinganisha na sisi wa Rhonda, Kaptembwo, Free Area na Pipeline? Ukijenga jumba la vyumba vinne la kupangisha kwa 40,000, utangoja daktari au mtu wa shirika. Akipata uhamisho, unangoja mwingine.

AfisaMikopo

Mimi hukaa nyuma ya dirisha la mikopo katika sacco moja mjini, sitaitaja. Nataka kuongeza kitu ambacho watu hawakioni: kwa nini pesa imerudi kwenye ardhi sasa hivi.

Februari 2024 riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13. Mwezi huohuo serikali ikatoa hati ya dhamana ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyokatwa ushuru. Nakumbuka wanachama wetu wakitoa akiba kukimbilia huko, na wakati ule hakuna aliyetaka ploti. Wauzaji walikuwa wanapiga simu wenyewe. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha, ikashusha na kushusha, hadi Desemba 2025 ikawa asilimia 9. Hati za serikali za siku 91 zikaanguka chini ya asilimia 8. Mwenye pesa taslimu akatazama huku na huku, akaona bora udongo. Kwa hivyo sehemu ya hii bei mnayoiona imetoka kwa riba, barabara imeongeza tu sababu ya kuongea.

Shida ni kwa asiye na pesa taslimu. Riba ya Benki Kuu imeshuka, lakini mkopo wa maendeleo wa sacco nyingi uko palepale kwenye asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Unapewa mara tatu ya akiba yako, na wadhamini. Chukueni milioni 3 kwa miaka mitano: malipo ni kama 66,700 kila mwezi. Hesabu ya MkaziWaLanet inaacha 526,600 kwa mwaka, yaani kama 43,900 kwa mwezi. Vyumba 12 vyote havilipi mkopo wa milioni 3, na mradi ulikuwa wa milioni 8.2! Pengo la karibu 22,800 linatoka kwenye mshahara wa mwalimu au nesi, kila mwezi, miaka mitano. Mtoto akienda sekondari katikati ya hiyo miaka, ndipo huanza kuja kwangu kuomba mkopo wa pili wa kulipia wa kwanza. Nimewaona wengi wakikaa kwenye kile kiti, na huwa inaniuma, kwa sababu wadhamini wao ni walimu wenzao wa shule moja.

Mkopo wa nyumba wa benki wa miaka ishirini ungepunguza hayo malipo, lakini nchi nzima ina mikopo kama hiyo takriban 30,000. Nchi ya watu zaidi ya milioni 50! Kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, inakopesha benki na sacco kwa riba ya chini ili nazo zikukopeshe kwa muda mrefu. Ulizeni kwenye sacco zenu kama zimejiunga. Kuna wanachama wengi hawajui hata kuuliza.

KaragitaKwetu

Mkisema kaunti msisahau Naivasha, maana nyinyi wa jiji mnadhani Nakuru inaishia Gilgil.

Huku kwetu mpangaji ana jina: mfanyakazi wa shamba la maua. Karagita ilijengwa na watu hao. Ploti ni ndefu na nyembamba, milango imetazamana, katikati uchochoro wa kupita mtu mmoja na ndoo. Mfereji mmoja mbele, au hakuna kabisa na maji yanaletwa kwa mkokoteni wa punda. Asubuhi saa kumi na moja mabasi ya mashamba yanapiga honi na uchochoro wote unaamka. Kodi inalipwa tarehe ya mshahara, na shamba likichelewesha mshahara, ploti nzima inachelewa. Maua yakianguka bei Ulaya, mwenye ploti Karagita anajua kabla ya gazeti.

Watu walitumaini reli. Treni ya SGR ilifika upande wetu Oktoba 2019, kukawekwa bandari kavu na eneo maalum la viwanda kule Mai Mahiu, karibu na stima ya mvuke ya Olkaria. Mashamba ya kule yalikatwakatwa vipande usiku na mchana. Ujenzi ulipokuwa moto, vyumba vilijaa. Wajenzi walipomaliza na kuondoka, vyumba vikabaki na mwangwi. Viwanda vinakuja, ila vinakuja kwa mwendo wao, na mkopo hauvingoji.

Halafu kuna ziwa. Nimesimama Kihoto, mtaa ulio kando ya Ziwa Naivasha, na kuona alama ya maji kwenye ukuta wa nyumba ya mawe, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Nyumba nzuri, ina vigae, ina geti. Ziwa lilipanda 2020 watu wakahama, likarudi nyuma kidogo watu wakarudi, wengine wakanunua kwa bei ya kutupa wakiamini limekwisha. Mwishoni mwa 2025 likarudi tena kwa nguvu na mamia ya familia zikatoka kwa mashua. Wenye hati miliki walikuwa nazo mkononi, hati safi kabisa, ya ardhi iliyo chini ya maji pamoja na kiboko.

Ukiuziwa ploti ya bei rahisi karibu na ziwa lolote la Bonde la Ufa, iwe Naivasha au Nakuru, muulize mzee wa pale maji yalifika wapi wakati wa utoto wake. Usimuulize anayeuza.

FundiWaMawe

Dada wa Karagita amesema juu ya maji, mimi niseme juu ya udongo. Nimejenga mji huu miaka mingi.

Nakuru imekaa kati ya Menengai na ziwa, na udongo wake sehemu nyingi ni majivu ya volkano. Ukiwa mkavu ni mgumu, unaweza kudhani umefika mwamba. Mwagia ndoo mbili za maji, utauona unalegea na kushuka. Upande wa magharibi, London, Kaptembwo, Rhonda, hadi kuelekea Kiamunyi, kuna mikondo ya nyufa chini ya ardhi. Mvua kubwa ikinyesha maji yanapenya, yanabeba yale majivu, na juu kunabaki tundu au ufa mrefu unaopita katikati ya shamba, barabara, wakati mwingine sebule.

Nilichimba msingi wa nyumba moja London. Futi tatu za kwanza zilikuwa sawa. Kona ya kaskazini sururu ikaanza kuingia bila kugonga kitu, mpaka mpini. Tuliendelea hadi futi tisa ndipo tukapata pa kusimamia. Mwenye nyumba alikuwa na bajeti ya futi tatu na nusu. Kifusi cha mawe, nondo, zege la ukanda kuzunguka msingi wote, pesa ya paa ikaishia ardhini. Lakini nyumba imesimama, haina hata mstari kwenye plasta. Jirani yake alijaza udongo juu ya tundu akajenga haraka, na leo mlango wake wa mbele haufungi.

Kwa hivyo kabla hujalipa, nenda kwenye ploti baada ya mvua, si wakati wa kiangazi wakati dalali anapenda kukupeleka. Tazama kuta za majirani, hasa kwenye kona za madirisha. Mpe mtu achimbe shimo la majaribio kila kona. Ni pesa ya siku moja ya vibarua wawili. Muuzaji akikataa usichimbe, hapo umeshajibiwa.

Maji ya kisima nayo. Huku kwetu yana floraidi nyingi, ndiyo maana unaona watoto wa Njoro na Rongai wana meno ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo. Mwenye ploti akikuambia "maji ya kisima yapo", uliza kama yamepimwa.

MkaziWaLanet

Fundi, asante sana. Suala la maji nilitaka kulifikia. Bwawa la Itare kule Kuresoi ndilo lingeleta maji ya kutosha mji huu na vitongoji vyake. Kazi ilianza 2017, mkandarasi kutoka Italia akafilisika 2018, na mabomba yakabaki yamelala. Kila mtaa mpya tunaoujenga tangu wakati huo tunauunganisha kwenye maji yaleyale ya zamani. Hii ndiyo inayonikasirisha: kaunti inapitisha ramani za mitaa mizima bila kumuuliza mwenye kugawa ardhi maji yatatoka wapi. Anayelipa ni yule mama anayeamka saa tisa usiku kukinga mfereji.

MtokaDoha

Habari zenu ndugu zangu. Niko Doha, nimesoma uzi wote. Kakangu amenipatia ploti Mbaruk, mbele kabisa ya barabara kuu, hamsini kwa mia, laki tisa na nusu. Muuzaji ana cheti cha hisa cha kampuni ya zamani ya kununua mashamba, anasema hati inatoka karibuni. Anataka nusu ya pesa wiki hii. Nifanye nini?

MwalimuNjoro

Kijana wangu, usitume pesa kwanza. Kaa chini nikueleze.

Baada ya uhuru, mashamba makubwa ya walowezi huku Nakuru yalinunuliwa na kampuni na vyama vya watu wa kawaida. Baba zetu na mama zetu walichanga, wakapewa vyeti vya hisa, wakagawiwa vipande kwa kura. Ngwataniro, Ndeffo, Nyakinyua, majina hayo kila familia ya hapa inayajua. Baadhi ya mashamba yalipimwa vizuri na hati zikatoka. Mengine yana wanachama wengi kuliko vipande, na cheti kimoja kimeuzwa mara mbili, mara tatu, na watoto wa mwanachama aliyefariki ambao hawaongei. Cheti cha hisa kinaonyesha mtu alichanga. Hakikuambii kipande ni kipi wala ni cha nani leo.

Nina jirani aliyenunua kwa cheti kama hicho. Alijenga, akapanda miti, akamzika baba yake pale. Kisha akaja mtu mwenye hati, na hati ilikuwa ya kweli. Kesi iko mahakamani hadi leo.

Ukitaka kununua, tafuta ardhi yenye namba. Kwa hiyo namba fanya sachi katika ofisi ya ardhi, uone jina la mwenyewe na kama kuna benki au mahakama imeizuia. Linganisha na kitambulisho cha anayekuuzia. Chukua ramani ya eneo na mpimaji akuonyeshe vigingi, kwa sababu kuna watu wameonyeshwa ploti A wakauziwa namba ya ploti B iliyo kwenye bonde. Kama ni ardhi ya kilimo, lazima bodi ya ardhi itoe idhini, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Bila hiyo idhini mkataba ni bure kabisa, hata kama mlipeana mikono mbele ya wazee na mkachinja mbuzi. Muuzaji akiwa na mke au mume, mwenzake atie sahihi. Kuna ushuru wa stampu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, huo ni wako. Muuzaji naye ana wake wa faida, asilimia 15 tangu Januari 2023, na wengine watakuomba muandike bei ya uongo ili waukwepe. Kataa. Siku utakayouza wewe, ile bei ya uongo itahesabiwa kuwa ndiyo uliyonunulia.

Na niseme la moyoni kama mwalimu aliyefundisha watoto wa wakulima. Njoro, Molo, Mauche, hii ndiyo ardhi ya viazi, ngano na maziwa. Naona shamba la eka tano likikatwa ploti arobaini, bango likasimama, nyasi zikaota, hakuna nyumba, hakuna viazi. Wenye ploti wako Nairobi na ng'ambo wakingoja ipande bei. Kuna shamba nililokuwa nikipita nikienda shuleni, lilikuwa likilisha familia tatu na kuajiri vibarua wakati wa kuvuna. Sasa lina vigingi tu na mbuzi wa watu. Tukiendelea hivi tutakuwa na kaunti ya ploti tupu inayonunua viazi kutoka kwingine. Nawasihi wanaonunua: kama hujengi, limisha. Mwachie hata jirani apande sukumawiki.

DalaliMwaminifu

Mwalimu amesema kweli kuhusu vyeti vya hisa, na mimi huwa siuzi ploti ya namna hiyo. Kuna wenzetu wanaotuharibia jina. Kaka wa Doha, ploti ya mbele ya barabara kwa laki tisa na nusu, wakati za ndani zinauzwa zaidi ya hapo, ungejiuliza kwa nini.

MpangajiRhonda

Kuna nyumba 605 za serikali zilizojengwa Bondeni. Nimejisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuombea nyumba hizo za bei nafuu. Mdau yeyote aliye na mtu wa kawaida, namaanisha wa kipato changu, aliyepata na kuhamia, aje atueleze analipa ngapi na alipataje dipoziti. Nataka kusikia kutoka kwa mtu aliyelala ndani yake.

KaragitaKwetu

Nami nasubiri hilo jibu. Tunakatwa wote.

AfisaMikopo

Kitu kimoja zaidi kwa wanaokimbilia kununua sasa. Agosti 2027 kuna uchaguzi. Wa hapa Nakuru hamhitaji kukumbushwa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, na jinsi familia zilivyohama mtaa hadi mtaa ili kuwa karibu na watu wao. Kila uchaguzi ukikaribia, wanunuzi hujificha na wauzaji wenye haraka huongezeka. Naombea amani, na naamini tumejifunza. Lakini kwenye dawati langu naona kila mara: miezi ya kabla ya kura, maombi ya mikopo ya ardhi hupungua sana. Mwenye pesa yake mkononi hana haja ya kusukumwa na mtu anayesema "bei inapanda Jumatatu".

MkaziWaLanet

Nimewasikia wote. DalaliMwaminifu, nakubali kwamba aliyenunua Kiamunyi mapema alifanya vizuri. Alinunua kwa bei ya shamba, lakini. Anayenunua leo Mbaruk analipa bei ambayo tayari ina barabara ndani yake, na barabara yenyewe ni ya kulipia. Tozo iliyotangazwa ni shilingi 8 kwa kilomita kwa gari dogo. Kilomita 130 hivi kutoka Rironi hadi hapa ni zaidi ya elfu moja kwenda tu. Huyo mtu wako wa siku mbili ofisini, mpigie hiyo hesabu pamoja na mafuta, uone kama ataishi Naka au atabaki Ruaka, kule kando ya Nairobi. Wengine watakuja, siamini watajaza ploti zote zilizopigwa vigingi kuanzia Gilgil hadi Salgaa.

Kama mtu ana pesa yake, hana deni, na anataka kujenga, mimi namwambia aende pale ambapo wapangaji wameshafika: Pipeline, Free Area, Kiti, karibu na vyuo vikuu vya Egerton na Kabarak, karibu na viwanda. Ajenge vyumba vidogo visafi, tangi kubwa la maji, choo ndani, taa kwenye uchochoro. Vyumba vyangu haviwi wazi hata wiki mbili, na sababu ni tangi la lita elfu kumi tu. Mpangaji huvumilia mengi ila hawezi kuoga kwa maneno.

Mwenye kukopa ili anunue ploti aifungie angoje bei, hapo siwezi kumuunga mkono. Hiyo ploti haimlipi chochote, na sacco inakata kila tarehe 28.

MtokaDoha, kuhusu Mbaruk: kuna jambo bado hujaulizwa. Mbele ya barabara kuu ndipo upanuzi unapokula. Baadhi ya majengo yameshapigwa alama ya X kwa rangi nyekundu ili yabomolewe, na hao wengine wana hati. Kabla ya jambo lingine lolote, kakako aende KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na namba ya ploti aulize hifadhi ya barabara inaishia wapi hapo.

MtokaDoha

Asante mzee. Nimemuuliza kaka namba ya ploti. Anasema muuzaji hajampa, amempa tu namba ya kuangushia pesa.

MwalimuNjoro

Basi mwambie kakako arudi nyumbani.

MkaziWaLanet

Na asimwachie hata pesa ya kushika nafasi. Akipata namba ya ploti kutoka kwa mtu mwingine yeyote pale Mbaruk, nitumie kwa ujumbe wa ndani. Niko na mpimaji Gilgil wiki ijayo, tutapitia hapo tukirudi.